Hasara ya Kanali Kumi na Mbili

Asubuhi moja ya Februari 1993, Mbayo alifika kazini, kwenye maabara ya kampuni ya migodi ya Kolwezi, Katanga, akakuta kufuli geni kwenye kabati la Mama Mushiya. Kufuli la mama mwenyewe lilikuwa dogo, la kununuliwa sokoni. Hili lilikuwa jeusi, nene kama ngumi ya mtu mzima, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Shefu Nkulu, mkuu wa maabara.

"Usiulize," alisema Nkulu kabla Mbayo hajafungua mdomo. "Ingia ofisini."

Mbayo akaingia. Nkulu alifunga mlango, akafunga na dirisha ingawa joto lilikuwa la kuvua shati, kisha akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Urani yetu inaendaka wapi?"

"Sijaelewa, shefu."

"Unaelewa muzuri. Mwezi wa kumi majiwe ya Musonoi ilitupatia mia moja. Mwezi wa kumi na mbili, sabini. Sasa arobaini. Majiwe ni ile ile, shimo ni lile lile. Batu banasema inaendaka Dilolo ndani ya mufuko wa mwanamuke mumoja, halafu inavuka Angola."

"Ile ni bongo, ni uongo tu, shefu. Urani yenye iko ku kisahani haijazi hata ncha ya sindano."

"Mi sisemi kisahani, nasema chupa. Ni nani anashikaka chupa?"

Mbayo alijua jibu. Katika chumba kile cha nyuma ya maabara ya kampuni walifanya kazi watu wawili tu, na aliyeshika chupa hakuwa yeye.

Mama Mushiya alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizaliwa Kolwezi, mtaa wa wafanyakazi, lakini baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, na siku hizo hilo lilitosha kumfanya mgeni. Kampuni ilikuwa inakufa macho ya watu yakitazama. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulikuwa umebomoka, askari walikuwa wamepora maduka na maghala, na sasa wanasiasa walisimama kwenye majukwaa wakisema njaa yote ililetwa na watu wa Kasai. Vijana wa chama chao walipita wakiandika alama kwenye milango. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Kila wiki familia nyingine ilibeba magodoro kwenda kulala stesheni, kungoja treni ya kuirudisha "kwao", mahali ambapo wengi wao hawajawahi kupaona.

Mama Mushiya alikuwa bado anakuja kazini. Ndiye aliyemfundisha Mbayo kazi, miaka tisa nyuma, alipotoka shule. Alipokea unga wa mawe kutoka mashimoni, akauyeyusha kwa asidi ndani ya chupa, akauchuja hadi urani ikabaki peke yake, kisha kwa umeme akaigandisha juu ya kisahani cha chuma chenye upana wa kifuniko cha chupa ya bia. Tabaka hilo lilipaswa kuwa jembamba mno, la kuonekana kama doa la chai iliyokauka. Hapo ndipo kisahani kilipohamia kwa Mbayo. Alikiweka ndani ya chemba ya chuma, akawasha pampu inyonye hewa yote, akaiacha mashine ihesabu chembe zinazoruka kutoka kwenye urani.

Chembe hizo, zinazoitwa alfa, huzaliwa na nguvu inayojulikana, lakini si wasafiri hodari. Karatasi moja huzizuia kabisa. Zikipita kwenye chochote, hata utando wa mafuta ya kidole, hupoteza nguvu. Kwenye kioo cha mashine zilijipanga kwa kanali, yaani vijisehemu vya kipimo cha nguvu: zenye nguvu kulia, zilizochoka kushoto, na urani ilisimama kama kilima chembamba mahali pake. Mbayo alihesabu zile zilizoangukia kanali chache alizoziwekea mipaka kuzunguka kilima hicho. Tangu Novemba kilima kilikuwa kimeanza kuteleza kuelekea kushoto. Sasa kilikuwa kimehama kanali kumi na mbili, na zaidi ya nusu yake ilikuwa nje ya mipaka.

Kwa hiyo urani haikupungua. Chembe zilikuwa zinafika zimechoka. Kuna kitu kilichokuwa kinazila nguvu njiani. Mbayo alimweleza Nkulu hivyo, taratibu, akidhani anamtetea mama wa watu.

Nkulu alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Basi kuko mutu anafunikaka kisahani na kitu. Mashine inahesabu kidogo, siye tunasema majiwe ni maskini, na yenye kubakia anaipeleka mwenyewe. Umesema weye, si mi. Umuchunge wiki moja, halafu uniletee ripoti."

Mbayo alitoka mle ofisini maneno yake yakiwa yamegeuzwa ndani nje, naye hakujua ayageuzeje tena.

Akaanza kumchunga. Mwanzoni alijiambia anafanya hivyo ili aonyeshe kwamba hakuna kitu. Lakini jicho lililotumwa kutafuta halikubali kurudi bila kitu. Aliona Mama Mushiya akibaki peke yake chumbani wengine wakienda kula. Zamani alidhani anaokoa muda, sasa akajiuliza anafanya nini. Aliona mkoba wake mweusi ukiondoka jioni umejaa kuliko ulivyokuja asubuhi. Aliona anapoingia mtu, mama anafunika daftari kwa kiganja. Siku moja alimwuliza mbona amehamishia vitu vyake kwenye droo ya meza.

"Kabati yangu si imefungwa? Ama hukuona?" Mama Mushiya alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, weye siku hizi unatembea kama mutu anayehesabu hatua. Kuko nini?"

"Hakuna, mama."

"Sawa. Kama ni hakuna, ni hakuna."

Tangu siku hiyo naye akawa anamchunga Mbayo. Walifanya kazi wakipeana migongo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavuta droo gani.

Alhamisi Mbayo alirudi mapema kutoka chakula cha mchana. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama Mushiya alikuwa ameinama juu ya meza, kichupa kidogo cha rangi ya kucha mkononi, ile isiyo na rangi, inayong'aa kama kioo. Kwa brashi ndogo alikuwa anapaka kisahani. Aliposikia kiatu akakifunika kichupa na kukitumbukiza mkobani. Mbayo akaenda moja kwa moja kuwasha pampu, kama aliyefumaniwa ni yeye.

Utando wa rangi ile, juu ya urani! Hicho ndicho hasa kingeweza kuzichosha chembe.

Nyumbani alimweleza mkewe. Rachelle alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na mikono yake ilisimama.

"Mama Mushiya aliniogeshea mutoto wa kwanza na mikono yake," alisema.

"Najua."

"Ulimuuliza anapaka nini, na juu ya nini?"

"Angesema nini? Angekubali?"

Rachelle alirudi kwenye majani yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu uani, "Batu wa mu avenue banauliza juu ya nini tungali tunamusalimia. Mi siwezi kukuambia usiandike. Siwezi pia kukuambia uandike."

Ijumaa Mbayo aliandika. Ripoti ilikuwa nusu ukurasa. Alisema visahani vinaonyesha hasara ya nguvu ya kanali kumi na mbili. Kwamba hasara ya namna hiyo inaweza kuletwa na tabaka la kitu kigeni juu ya sampuli. Kwamba aliyetayarisha sampuli alionekana akipaka kitu kisichojulikana. Alichagua maneno kwa uangalifu ili asimshtaki mtu. Kisha akatia sahihi.

Jumamosi saa nne, walinzi wawili walimtoa Mama Mushiya kwa kumshika viwiko. Mkoba wake ulimwagwa kwenye baraza, wafanyakazi wote wakitazama: kitambaa, Biblia, kichupa cha rangi, chakula alichokuwa anampelekea mumewe, na madaftari sita. Nkulu alichukua madaftari na kichupa. Mama Mushiya aliokota vilivyobaki kimoja kimoja. Alipoinuka alimtafuta Mbayo kati ya watu, akampata, akamwangalia tu. Jumapili jioni nyumba yake ya kampuni ilikuwa imeshavunjwa mlango, na yeye na mumewe, mzee Beya, dereva mstaafu wa garimoshi, walikuwa stesheni pamoja na maelfu wengine.

Jumanne Nkulu alimwita tena.

"Kamisyo ya Lubumbashi, bale bakaguzi, inakuja Ijumaa. Banataka namba. Ile rangi ilikuwa nene namna gani? Pima, uandike, tumalize."

Kupima unene wa tabaka ni kazi ambayo Mbayo aliijua, na aliyemfundisha ni yule yule. Unakiinamisha kisahani. Chembe zinazotoka wima hupita tabaka kwa njia fupi. Zikilazimika kutoka kwa mshazari, njia inakuwa ndefu, na hasara inaongezeka. Ukikiinamisha mpaka njia iwe mara mbili, hasara nayo lazima iwe mara mbili. Ukijua tofauti hiyo, unajua unene.

Alikunja kipande cha bati kuwa kabari, akakilaza kisahani juu yake kwa mshazari mkali, akafunga chemba, akawasha pampu. Akangoja nusu saa. Kilima kilijitokeza kanali kumi na mbili kushoto. Alitarajia ishirini na nne.

Akadhani amekosea kabari, akakunja nyingine. Kumi na mbili. Akachukua kisahani kingine, halafu cha tatu, cha mwezi wa nane, ambacho wakati huo kilisoma vizuri kabisa na hakikuguswa tangu siku hiyo. Nacho sasa kilikuwa kimeteleza kumi na mbili.

Mbayo alikaa chini. Alikipindua kile kisahani cha mwezi wa nane kwa kibano. Upande wa nyuma, ambao mashine haiuoni kamwe, kulikuwa na namba ya sampuli kwa wino, na juu ya namba, ili asidi na jasho visiifute, kulikuwa na utando mdogo uliokauka wa rangi ya kucha. Akapindua vingine. Vyote vilikuwa hivyo, hata vya miaka miwili nyuma. Upande wa mbele ulikuwa safi.

Ndani ya chemba kulikuwa na vidato vitatu vya kuweka kisahani, karibu na mbali. Hewa ikiwa imenyonywa yote, umbali hauna gharama. Chembe hazina cha kugongana nacho. Aliweka kisahani kwenye kidato cha pili. Hasara ikawa kanali ishirini na tano. Kwenye cha tatu, thelathini na nane.

Kulikuwa na hewa ndani. Pampu ilikuwa inanyonya, na hewa ilikuwa inarudi kwa mwanya mwingine. Kipimo cha kuonyesha hewa iliyobaki kiliporwa siku ya askari, pamoja na kisahani cha Ulaya ambacho wangelinganisha nacho, na tangu hapo walikuwa wakiamini sauti ya pampu tu.

Alisimama mbele ya mfuniko, akautazama ule mpira wa kuzunguka ukingo, kile wanachokiita jointi. Ule wa asili ulipasuka Oktoba. Vipuri havikuwa vinakuja tena. Aliyekata mpya kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, kwa wembe, akajisifu kwa kazi nzuri, alikuwa Mbayo.

Alipandisha kisahani kidato cha kwanza, akafunga, akaulalia mfuniko kwa kifua na mikono yote miwili, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Alikaa hivyo robo saa, shavu juu ya chuma, macho kwenye kioo. Nukta mpya zikaanza kuanguka mahali ambapo hazikuwa zimeanguka tangu Novemba, moja, tatu, kumi, mpaka kilima kikasimama mahali pake.

Alipoinuka shati lilikuwa limelowa.

Alimkuta Nkulu mbele ya nyumba ya Mama Mushiya, akisimamia vibarua watatu waliokuwa wakiingiza ndani kabati la nguo la Nkulu mwenyewe. Mbayo alieleza yote palepale barabarani, na karatasi mpya mkononi. Nkulu hakukasirika. Alionekana kuchoka.

"Ulikata jointi muzuri ao mubaya, haiko shida. Ripoti ya kwanza imeshafika Lubumbashi. Weye unataka niandike nini? Kama siye ni bajinga?"

"Niandike mi, shefu. Ni kosa yangu."

"Mbayo. Mwaka huu batu banauliza uko upande gani. Hakuna mutu anauliza kanali." Alimsogelea. "Mi niko na batoto saba mu nyumba ya vyumba viwili. Unafikiri nilifurahi kumumwanga mama wa batu mu baraza? Kama si mi, angekuja mwingine. Rudisha ile karatasi mufukoni."

Mbayo hakuirudisha mfukoni. Aliiweka juu ya kabati la nguo, pale barabarani, akarudi maabara akaandika nakala mbili. Moja aliipeleka posta mwenyewe kwa anwani ya makao makuu. Ya pili alitoka nayo kwenda stesheni kesho yake asubuhi, na begani alibeba kile kidude cha mkononi cha kupimia mionzi, kinachotoa mlio wa tik, tik, ambacho hakuomba ruhusa kukichukua.

Alikibeba kwa sababu ya habari aliyoileta Rachelle kutoka sokoni: kwamba hata stesheni Mama Mushiya hapokelewi. Uvumi ulikuwa umemtangulia. Watu wanasema ana urani mkobani, na wanaogopa itawaua watoto wao wakifungiwa naye ndani ya behewa.

Stesheni ilikuwa mji mwingine. Magodoro, masufuria, mashine za kushona, watu wamelala chini ya maturubai toka ukuta hadi reli, harufu ya moshi na choo. Mbayo alipoingia na kidude chake begani, mazungumzo yalikatika mbele yake kama maji yaliyofungwa bomba. Walimjua kwa lafudhi kuwa si mtu wa Kasai, mara alipouliza njia. Vijana wawili wakamfuata nyuma bila kusema wanataka nini.

Hakuhitaji kuelekezwa sana. Katikati ya msongamano ule, ambapo watu waligombania nafasi ya kunyoosha mguu, palikuwa na duara la ardhi tupu, upana wa hatua sita kila upande. Ndani yake aliketi Mama Mushiya juu ya sanduku, na mzee Beya amelala miguuni pake, anakohoa.

Mbayo alisimama kwenye ukingo wa duara.

"Shikamoo, mama."

Mama Mushiya alimtazama. "Unakuja kuona kama nimefika muzuri?"

"Niliinamisha kisahani," Mbayo alisema. Hakuwa amepanga kuanza hivyo.

Kitu kikabadilika usoni mwa mama. Si upole, ni ule umakini wake wa kazini. "Na hasara?"

"Haikuongezeka. Kumi na mbili, ile ile."

"Ulibadilisha kidato?"

"Ishirini na tano. Thelathini na nane."

"Ni hewa," alisema Mama Mushiya. "Ni jointi."

"Yenye nilikata mi."

Mzee Beya alikuwa amefungua macho. Mama Mushiya alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaivaa tena. "Wiki nzima nilikuwa nawaza ni weye," alisema. "Nilifikiri unasogeza mashine kusudi, ili banifukuze. Kila jioni nilibeba daftari kwa nyumba, nipate siku moja kuonyesha kama namba zangu zilikuwa sawa. Banazichukua. Kama ungeniuliza, Mbayo! Neno moja tu, mama unapaka nini. Mi pia ningekuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Usiseme ndiyo. Soma karatasi yako. Soma kwa sauti, bote basikie."

Akasoma. Watu walisogea kusikiliza, lakini ukingo wa duara haukusogea hata kidogo. Alipomaliza, mwanamume mrefu mwenye kofia ya walinzi wa reli akajitokeza. Huyo alikuwa Tshimanga, aliyechaguliwa na watu wa behewa la sita kupanga nani anapanda.

"Karatasi ni maneno," Tshimanga alisema. "Juma lililopita pia ilikuwa karatasi yako, si hivyo? Ile ilisema vile, hii inasema hivi. Tunajuaje ni nani amekutuma? Pengine banataka tupande na kile kitu, tufe njiani."

Wale vijana wawili wa nyuma walisogea. Mbayo alihisi pumzi yao shingoni. Alishusha kidude kutoka begani, taratibu, mikono ionekane, akakiwasha.

Tik. Tik, tik. Tik.

Makelele yakapanda. Mwanamke mmoja alinyakua mtoto akakimbia. "Inalia! Inalia!" Mtu alimshika Mbayo kola.

"Ngojeni!" Mama Mushiya alikuwa amesimama juu ya sanduku lake, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kukemea vijana wanaochezea asidi. "Mumuache! Mbayo, anza na weye mwenyewe. Jiweke ku kifua."

Akajiweka kifuani. Tik. Tik, tik.

"Sasa tata Tshimanga."

Tshimanga alirudi nyuma hatua moja, kisha, watu wote wakimwangalia, akasimama na kukitoa kifua. Tik, tik. Tik. Ilikuwa sawasawa na ya Mbayo.

"Sasa chini."

Mbayo aliinama akakigusisha kidude kwenye kokoto za reli, zile zilizoletwa kutoka kwenye mabaki ya migodi na kumwagwa hapo tangu zamani za Wabelgiji. Mlio ukaongezeka, tik-tik-tik-tik, kama mvua inayoanza juu ya bati. Watu wakatazama miguu yao.

"Kolwezi yote inalia," Mama Mushiya alisema. "Tumezaliwa juu yake. Sasa leta huku ku mukoba."

Mbayo alivuka duara, hatua sita. Mama Mushiya aliufungua mkoba na kuupanua kama anayekaguliwa forodhani. Mbayo akaingiza kidude ndani mpaka chini. Tik. Kimya. Tik, tik. Ulikuwa mlio ule ule wa vifuani mwao, mdogo kuliko wa ardhi waliyoilalia siku hizo zote. Akapima sanduku, akapima godoro, akampima mzee Beya, aliyecheka katikati ya kikohozi na kusema anatekenywa.

Hakuna aliyepiga makofi. Tshimanga alivua kofia, akakuna kichwa. "Behewa la sita," alisema. "Batu wawili. Pembeni mwa mulango, ju ya ile kikohozi."

Duara halikuzibika mara moja. Mwanzoni mwanamke mmoja alisogeza sufuria yake ndani kidogo, kisha mwingine akatandika mkeka. Wale vijana wawili waliendelea kumtazama Mbayo kwa macho yale yale.

Treni ilikuja baada ya siku mbili, ya mabehewa ya mizigo. Mbayo alikwenda tena na chupa nne za maji na dawa ya kikohozi aliyoipata kwa shida. Mama Mushiya alipokea maji. Dawa aliisoma kwanza karatasi yake yote, mbele na nyuma, akakagua kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, ndipo akaitia mkobani. Mbayo aliona, na mama aliona kwamba ameona.

"Usinikasirikie," alisema. "Hii mashaka hainitoki haraka."

"Sikukasirika, mama."

Hakumpa mkono. Alimsaidia mumewe kupanda, kisha akapanda yeye, na Tshimanga akavuta mlango wa chuma nusu.

Mbayo alipewa barua ya onyo kwa kukitoa kidude nje ya maabara, akahamishiwa ghala la chokaa kupima magunia. Kutoka makao makuu hakukuja jibu. Kamisyo haikufika Ijumaa ile wala nyingine. Mtaani walianza kumwita mtu wa bilulu, na kwa miezi kadhaa Rachelle alikwenda kuteka maji mtaa wa mbali.

Mwezi wa nane mfanyakazi wa reli alimletea barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa kama nyuzi. Mama Mushiya aliandika kwamba mzee Beya hakufika. Treni ilisimama siku tatu bila maji kabla ya kufika Kamina, na walimzika kando ya reli, yeye na watoto wanne wa behewa lile. Aliandika kwamba amepata kufundisha kemia kwenye shule ya masista, bila asidi na bila chupa. "Hapa Tshiluba changu, lugha ya baba yangu, kinawachekesha," aliandika. "Wananiita mtu wa Katanga. Nikiingia dukani wananyamaza. Jirani aliniuliza kwa nini tulifukuzwa kama hatukuiba kitu."

Mwishoni aliuliza kama jointi ilishabadilishwa.

Mbayo alimsomea Rachelle barua yote, uani, mchana, bila kushusha sauti. Jirani upande wa pili wa ua wa matete aliacha kutwanga ili asikie. Rachelle alimwona Mbayo akitazama upande ule, akadhani atanyamaza. Lakini Mbayo aliirudia barua kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na alipofika kwenye jina la mzee Beya alilitamka kwa kituo, kisha akaendelea.